TOLA MBILI ZA DHAHABU NA KARATASI YAKE



Katika tawi moja la chama chetu pametolewa shauri ambalo, lau lingekuwa la mtu mmoja na mfuko wake, gazeti hili lisingelitia mkono. Lakini fedha zinazotajwa si za mtu mmoja. Ni fedha za mabati ya ofisi ya tawi, zilizochangwa kwa miaka miwili, shilingi kwa shilingi, na wavuvi, na wakulima wa karafuu, na kina mama wauzao maandazi alfajiri, na ndugu zetu walioko Maskati na Uingereza ambao kila mwezi hukumbuka walikotoka. Sasa mwenzetu mmoja ameleta rai kwamba mabati yangoje. Fedha zipelekwe kwa jamaa yake aliyeko Marekani, anunue sarafu za dhahabu za ukumbusho siku ile ile zitakapotolewa na kiwanda cha sarafu cha Serikali ya huko; kisha, kabla ya juma kupita, ziuzwe kwa bei maradufu; ofisi iezekwe, na mfuko ubaki na akiba yake kama ulivyokuwa.

Hatumtaji mwenzetu huyo wala hatumtuhumu. Ni kijana mwema, hakosi mkutano, na hesabu zake ameziandika kwa mkono mzuri unaosomeka. Lakini mkutano wa kulikata shauri hilo ni Jumamosi hii baada ya sala ya Alasiri, nasi twaona si insafu kunyamaza hali ya kuwa tunayo tuyajuayo juu ya biashara hii.

Kwanza yafaa ifahamike sarafu hizo ni kitu gani. Si fedha za kwendea sokoni. Serikali hupiga sarafu ya dhahabu kwa ajili ya kukumbusha jambo, ama mtu mkubwa aliyefariki, ama vita vilivyomalizika, ama miaka kadha wa kadha tangu ilipopigwa sarafu ya mwanzo ya nchi, na huiuza kwa bei ipitayo thamani ya dhahabu iliyomo. Ziada hiyo ni ujira wa kazi na faida ya kiwanda, na hatuioni kuwa na ubaya, kwani hata sonara wa Mkunazini hakufulii bangili bure. Maneno yetu ya leo ni juu ya ziada ya pili: ile isiyotozwa na kiwanda, bali na mtu aliyetangulia kufika dirishani, akageuka nyuma, akamwuzia yule aliyechelewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2014, nao ndio tutakaoueleza kwa urefu, kwa sababu habari zake ndizo zilizomvutia mwenzetu.

Tarehe 5 Agosti 2014 kiwanda cha sarafu cha Marekani kilitoa nusu dola ya dhahabu yenye sura ya Rais John F. Kennedy, kwa kutimia miaka 50 tangu nusu dola ya kwanza ya Kennedy ilipotoka mwaka 1964. Ilikuwa dhahabu safi, sehemu 9,999 katika 10,000, uzito wake robo tatu ya wakia, na usoni imeandikwa miaka yote miwili, 1964 na 2014. Bei yake ya siku ya kwanza ilikuwa dola 1,240. Watu waliweza kuiagiza kwa intaneti na kwa simu. Na iliuzwa pia kwa mkono mahali panne: Philadelphia, Denver, Washington, na katika maonyesho makubwa ya wakusanyaji wa sarafu yaliyokuwa Rosemont, karibu na Chicago.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Kiwanda hakikuweka kikomo cha idadi ya sarafu zitakazopigwa. Kila mwenye kuagiza angepata, ila angengoja. Kilichokuwa kichache ni zile sarafu za kuuzwa kwa mkono: pale Rosemont zilitengwa 500 kwa siku, na kila mtu moja tu. Kitu chenyewe, basi, hakikuwa adimu. Mwisho wa habari zilinunuliwa zaidi ya 70,000.

Hata hivyo watu walilala nje usiku kucha. Wafanya biashara wa sarafu walikodi watu wa kusimama mstarini kwa niaba yao, na miongoni mwa waliokodiwa walikuwamo maskini wasio na mahali pa kulala, ambao huenda hawajapata kushika dola elfu moja kwa mkono mmoja. Walipewa fedha, wakasimama, wakanunua, wakaikabidhi sarafu nje ya mlango, wakapokea ujira wao na kwenda zao. Palitokea misukumano na vurugu. Tarehe 7 Agosti, yaani siku ya tatu, kiwanda kikatangaza kusimamisha mauzo ya mkono mahali pote panne, kwa kuchelea usalama wa watu. Nyuma ya hapo zikaenea habari kwamba sarafu ya kwanza kuuzwa pale Rosemont, iliyonunuliwa kwa dola 1,240, imeuzwa tena kwa dola 100,000.

Ni habari hiyo ya dola 100,000 iliyovuka bahari ikaingia katika simu za vijana wetu. Ile ya waliokodiwa haikuvuka.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa sarafu haikuwa adimu, watu wale waligombania nini? Waligombania karatasi. Huko Marekani kuna makampuni, makubwa zaidi ni mawili, ambayo kazi yao ni kupima daraja la sarafu. Sarafu hutazamwa kwa kioo cha kukuzia, hupewa namba isiyopita 70, kisha hufungiwa ndani ya kibweta cha plastiki kisichofunguka ila kwa kuvunjwa, na juu yake huwekwa karatasi yenye maandishi. Kazi hiyo ina manufaa yake. Mnunuzi aliye mbali huhakikishiwa kuwa sarafu si bandia, wala haikusuguliwa na mtu mjinga kwa kitambaa na majivu. Lakini pamoja na namba, karatasi hiyo yaweza kuandikwa pia kwamba sarafu ilinunuliwa siku ya kwanza, au mahali fulani, au kwamba ni miongoni mwa zilizopigwa mwanzo. Kwa maandishi hayo bei hupanda, ilhali sarafu ni ile ile, imetoka chini ya nyundo ile ile, na iliyoagizwa kwa posta ikafika baada ya majuma haipungukiwi na kitu.

Na ajabu kubwa ni hii: kiwanda chenyewe kimewatangazia wananchi wake kwamba hakiweki kumbukumbu ya ipi ilipigwa mwanzo na ipi mwisho. Maneno "zilizopigwa mwanzo" katika karatasi zile maana yake kwa kawaida ni kwamba sarafu ilifikishwa kwa wapimaji ndani ya siku 30 tangu kutolewa. Muuza duka wa kisiwani akisema kikapu hiki cha embe ni cha mwanzo kuangushwa mtini kwa kuwa kimefika dukani kwake kabla ya mwisho wa mwezi, wateja watamcheka hadi jioni.

Sasa na tuipime sarafu ile kwa mizani tuliyoizoea. Robo tatu ya wakia ni gramu 23.3. Mwenye kushinda na masonara atatambua mara moja: ni tola mbili kamili, haipungui wala haizidi. Siku ile ya Agosti 2014 wakia moja ya dhahabu ilikuwa kiasi cha dola 1,290, kwa hivyo tola mbili zile zilikuwa na thamani ya dola 967 hivi. Kiwanda kikauza kwa 1,240. Ziada ya kwanza, basi, ni kama dola 270, nayo ni kubwa lakini yavumilika, maana kazi ya mkono wa fundi ni nzuri na sura imechongeka vyema. Lakini dola 100,000 kwa tola mbili! Aliyetoa fedha hizo alinunua dhahabu ya dola 967, na zilizobaki zote akanunulia neno "ya kwanza".

Mwezi Desemba 2015 bei ya wakia ilishuka hadi dola 1,050 hivi, na tola mbili zikawa hazifiki dola 800. Mtu aliyenunua kwa msukumo wa siku ya kwanza, akalazimika kuuza mwaka mmoja na kitu baadaye kwa sababu ya ada za shule au ugonjwa, hakuuza neno; aliuza tola.

Insafu yatulazimu tuseme na upande wa pili. Mwaka 2025 wakia ilipita dola 4,000, na tola mbili zile zile zikapita dola 3,000. Aliyenunua dirishani kwa 1,240 na kuiweka kabatini miaka kumi na moja hakupata hasara, bali amefaidi faida njema. Twakiri hilo bila ya kusitasita. Ila na afahamu msomaji kwamba faida hiyo aliipata kwa dhahabu. Bibi wa Makunduchi aliyenunua bangili ya tola mbili mwaka ule ule, akaivaa harusini na kuifungia sandukuni, ameipata faida hiyo hiyo, wala hakulala nje usiku, wala hakukodi maskini.

Mwenzetu atajibu: "Mimi sisemi miaka kumi na moja. Nasema juma moja." Na hesabu aliyoiandika ameitoa katika mfano mwingine, wa mwaka 2016, ambao kweli wavutia zaidi kwa mfuko mdogo kama wa tawi. Mwezi Aprili 2016 kiwanda kile kilitoa sarafu ndogo ya dhahabu, sehemu ya kumi ya wakia, kukumbuka miaka 100 ya senti kumi iliyochorwa mwaka 1916. Bei ilikuwa dola 205, zikatengwa 125,000, na kila nyumba ikaruhusiwa kununua kumi. Kabla ya saa moja kupita zilikuwa zimekwisha kuagizwa karibu zote. Kumi mara 205 ni dola 2,050. Mwenzetu ameandika juu ya karatasi yake: zikiuzwa maradufu, dola 4,100.

Lakini karatasi haikuandika yaliyofuata. Bei ya kuuziana ilipanda siku za mwanzo, kisha ikapoa, kwani kitu kilichonunuliwa kumi kumi na watu wanaokusudia kukiuza kina wauzaji wengi kupita wanunuzi. Tena watu walilalamika kwamba walanguzi wamechukua fungu la wapenzi wa sarafu, na sarafu ya pili ya mfululizo ule ilipotoka Septemba mwaka huo huo, kikomo kilikuwa kimeshushwa hadi moja kwa nyumba moja. Safari hiyo hakukuwa na moto. Haikumalizika siku ile.

Na huo ndio mlango uliomfungia mwenzetu bila ya yeye kujua. Jamaa yake aliyeko Marekani ana nyumba ngapi? Anayo moja, tena ya kupanga. Sarafu zinazotamaniwa sana ndizo zinazouzwa moja kwa nyumba. Mwezi Novemba 2020 kilitolewa kipande cha dhahabu cha wakia moja kukumbuka miaka 75 tangu kumalizika Vita Vikuu vya Pili, chenye alama ndogo ya pekee, na kwa kuwa vita vilimalizika 1945, vilipigwa vipande 1,945 tu. Bei ilikuwa dola 2,600. Watu wengi mno waliufungua mlango wa intaneti wa kiwanda saa moja, ukakwama; waliobahatika wakapata, wengine wakatazama kioo cheupe hadi vipande vilipomalizika. Waliopata waliweza kuviuza kwa maelfu ya dola zaidi ya bei waliyotoa. Hatukatai. Ila kwa nyumba moja, kipande kimoja, na kwa bahati. Akitaka kumi atafute majina tisa ya majirani, na hapo tumerudi pale pale Denver, kwenye kukodi wasio nacho wasimame mahali pa wenye nacho. Je, fedha za chama chetu ziingie katika kazi hiyo? Fedha alizotoa mama kwa kuamka saa tisa za usiku kuumua unga?

Wala hatujataja ujira wa wapimaji, na wa mnadani, na posta yenye bima, na kodi ya nchi ile juu ya faida. Katika hesabu ya mwenzetu mstari wa gharama umeachwa mtupu. Muuza duka akiona daftari la namna hiyo hufunga daftari.

Jambo lililotushughulisha zaidi, tukisoma habari hizi, ni la kiwanda chenyewe. Sarafu ya ukumbusho ni kumbukumbu ya umma. Serikali haimiliki msiba wa Kennedy. Ni wa watu walioulia. Alipouawa huko Dallas tarehe 22 Novemba 1963, haikupita miezi minne na siku chache ila nusu dola yenye sura yake ilikuwa mikononi mwa watu, mwezi Machi 1964. Hiyo ilikuwa sarafu ya matumizi, ya madini ya fedha sehemu tisa katika kumi, si ya kuwekwa kabatini. Watu wakaiweka kabatini. Zenye tarehe ya 1964 zilipigwa zaidi ya milioni 400, na hata hivyo mtu alikuwa haioni dukani. Wengine waliiweka kwa mapenzi, wakiwa na huzuni ya kweli. Wengine kwa kuwa walijua madini yatapanda. Kutoka 1965 madini ya fedha yalipunguzwa hadi asilimia 40, na kutoka 1971 yakaondolewa kabisa, na nusu dola haikurudi tena katika mzunguko kama ilivyokuwa. Tumeyataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba hata wingi hautoshi ikiwa kila mtu anaamini jirani yake atanunua kwa bei ya juu.

Na yako ya kinyume chake, ambayo wapenda haraka hawapendi kuyasikia. Mwaka 1915, katika maonyesho ya San Francisco ya kusherehekea kufunguliwa Mfereji wa Panama, zilipigwa sarafu nzito za dhahabu za dola 50, nyingine za duara na nyingine za pembe nane, kiasi cha 1,500 kwa kila umbo. Ziliuzwa dola 100 moja, nazo dola mia wakati ule zilikuwa mali. Watu hawakuzitaka. Za pembe nane ziliuzwa 645, za duara 483, na zilizosalia zikarudishwa kiwandani zikayeyushwa. Leo moja tu katika hizo yapata makumi ya maelfu ya dola mnadani. Hapakuwa na mstari siku ile, wala aliyelala nje. Waliofaidi ni wajukuu wa watu waliozinunua kwa kuzipenda.

Kiwanda kimeyajua haya, na mwaka 2024 kilichukua njia nyingine, ambayo sisi hatujui tuisifu au tuilaumu. Kilitoa sarafu ya dhahabu kukumbuka dola ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1794, yenye sura ya mwanamke wa nywele zilizofunguka, vipande 17,500. Na vingine 230 vikatiwa alama ya pekee, kwa kuwa ni miaka 230, vikapelekwa mnadani mwezi Desemba. Cha kwanza kilikwenda kwa dola 440,000. Yaani ile ziada ya pili, iliyokuwa ikiingia mfukoni mwa mlanguzi, sasa imeingia katika hazina ya umma. Kwa upande mmoja ni haki: kama wapo wenye kutaka kulipa wazimu, bora walipe kwa umma. Kwa upande mwingine, Serikali iliyokuwa ikiuza kumbukumbu kwa wananchi imekuwa mnadi. Mwalimu mstaafu wa mji mdogo, mwenye kukusanya sarafu tangu utotoni, hana mahali katika mnada huo, kama vile hakuwa na mahali katika mstari wa Rosemont. Kwa rai yetu, iliyo haki kuliko zote ni ile iliyo nyepesi: kufungua daftari la maagizo kwa mwezi mmoja, kila mwenye kutaka aandikishe jina na alipe, kisha zipigwe kwa kadiri ya majina. Walanguzi wangebaki na vibweta vyao vitupu. Lakini kiwanda nacho hupenda kelele za mstari, kwani kelele hizo ni tangazo lisilolipiwa.

Tuliokaa chuoni tutakumbuka kuwa mambo haya si mageni katika mlango wa biashara. Limekatazwa jambo la najshi, mtu kupandisha bei mnadani hali hana nia ya kununua, ili amdanganye mwingine. Limekatazwa kuutokea msafara nje ya mji na kuwanunulia wenyeji wake kabla hawajaijua bei ya sokoni. Kuhodhi nako kumekatazwa, ingawa masheikh wa madhehebu yetu wamekuhusisha zaidi na chakula cha watu, na hatuwezi kusema kwamba mwenye kuficha sarafu ya Kennedy amewanyima watu riziki yao. Hatukusudii kumharamishia mtu. Lipo moja tu tunaloliacha mikononi mwa wenye elimu: kutoa fedha leo kwa dhahabu itakayofika baada ya majuma, ilhali tumefunzwa kwamba mambo ya dhahabu na fedha ni mkono kwa mkono. Kamati ya tawi na imwulize sheikh kabla ya Jumamosi, isije ikaulizwa baada yake.

Kisiwani kwetu sarafu tunazijua. Babu zetu walihesabu kwa reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye, na walipoipokea waliitazama kwa makini wakihesabu vitone vya kishaufu cha yule mama, wapate kuhakikisha kuwa ni yenyewe. Hawakuuliza ni ya ngapi kutoka kiwandani. Sayyid Barghash alipiga sarafu zake mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882: pesa za shaba, ambazo hadi leo mtu hulimia shamba akaiokota moja, na reale za fedha, na chache mno za dhahabu, ambazo sasa ni za watu wa minadani ng'ambo. Mama zetu walitoboa pauni za Kiingereza wakazivaa shingoni, na fundi wa leo akilia kwamba zimeharibiwa kwa tundu, mama hujibu kuwa hazikuharibika, zilipendeza.

Na Tanzania nayo imepata kutoa ya dhahabu: mwaka 1974 ilitolewa sarafu ya shilingi 1,500 yenye duma, katika mfululizo wa kuhifadhi wanyama, uzito wake gramu 33.4, dhahabu sehemu tisa katika kumi. Mwandishi huyu hajapata kuiona kwa macho, na amewauliza masonara wawili, nao hawajapata kuiona. Ilikuwa ya wakusanyaji. Shilingi 1,500 iliyoandikwa usoni mwake leo hainunui hata kilo moja ya mchele, na dhahabu iliyomo ni gramu 30 safi. Mwenye nayo na aipime, asiisome.

Turudi kwenye tawi. Tunajua kwamba wapo watakaosema gazeti linawavunja vijana moyo. Sivyo. Mwenzetu akitaka kununua sarafu kwa fedha zake mwenyewe, sisi tutamtakia heri, na tutamwambia ainunue kwa bei ya dirishani, aitoe ndani ya kibweta kama akipenda, aitazame, awaonyeshe wanawe, asome habari za huyo Kennedy au za huyo mwanamke wa nywele, na aiweke. Kama tawi limeona lina akiba isiyo na kazi kwa miaka, na kamati imekubaliana, na sheikh ameulizwa, basi dhahabu ya tola inapatikana Darajani bila ya jamaa wa Marekani wala karatasi ya siku ya kwanza, na mwekahazina ataishika mbele ya mashahidi watatu. Hilo linajadilika.

Lakini akiba hii ina kazi. Masika yaliyopita mwanachama mmoja alisimama mkutanoni akashika mwavuli juu ya daftari la wanachama ili wino usitiririke, na wengine tuliloa. Fundi amekwisha pima paa. Muuzaji wa mabati ameandika bei yake, ameitia sahihi, na amesema ataishikilia hadi mwisho wa mwezi huu.

Sonara mmoja, rafiki wa gazeti hili, amekubali kutuazima mizani na mawe yake ya tola. Itawekwa juu ya meza Jumamosi, na mwenzetu ataombwa aje na karatasi yake ya hesabu, asome mstari kwa mstari mbele ya wanachama, ukiwamo ule wa gharama. Kila mwanachama aliyechangia, mwanamume kwa mwanamke, ana sauti. Na waliochanga kutoka Maskati na Uingereza watapigiwa simu hapo hapo, wasikie na wajibu. Mkutano utafunguliwa mara baada ya Alasiri, na mvua ikinyesha tutahamia baraza ya jirani.